Minza wa Sekunde Nane

Jenifer Salu alikuwa ameshawasikiliza watu kumi na tisa pale kijijini Sapiwi, na kumi na saba kati yao walimtajia mwanamke yuleyule. Aliitwa Minza. Walimwona kwenye sinema ya pamba mwaka sabini na nne, gari la serikali lilipokuja na kutundika shuka jeupe ukutani. Minza alipanda pamba kwa mistari, akipima kwa kamba, na mumewe akamcheka. Wadudu walipoingia, shamba la mume likaliwa lote, la Minza likapona, na yule mume akaja mwenyewe kuomba aonyeshwe namna ya kuvuta kamba.

Jenifer alikuwa anasomea shahada ya uzamivu katika masuala ya filamu, Dar es Salaam. Mama yake ni wa Magu, kwa hiyo Kisukuma alikielewa kuliko alivyokizungumza. Sinema yenyewe hakuwa ameiona. Alichokuwa nacho ni kumbukumbu za watu, na alizikusanya kwa uangalifu, kila mtu peke yake, nyumbani kwake, ili mmoja asimtie mwenzake maneno mdomoni. Kwa kumbukumbu hizo alishaandika sura mbili. Kwenye mkutano mmoja wa wasomi alisoma makala akiwasifu watengenezaji wa filamu ile kwa kumweka mbele mwanamke mkulima, na watu walimpigia makofi.

Kisha mkebe wa sinema ile ukapatikana. Mtunza ghala mmoja wa Bariadi mjini alimpigia simu kwamba nyuma ya magunia chakavu ameona bati la mviringo lenye kutu. Jenifer alipolifungua, harufu kali ya siki ilimchoma pua. Utepe wa filamu ulikuwa umejikunja kingo kama jani la muhindi lililokosa mvua. Aliogopa kuugusa. Aliupeleka kwa Mwalimu Novatus, anayefundisha kemia kwenye shule moja ya sekondari, kwa sababu ndiye mtu wa maabara aliyeweza kumfikia siku hiyohiyo.

Novatus alinusa mara moja, akafunika.

"Huu utepe unajila wenyewe," alisema. "Plastiki yake inaoza na kutoa asidi, ileile iliyomo kwenye siki. Asidi nayo inaharakisha kuoza. Ukiukunjua leo utavunjikia mikononi mwako."

"Kwa hiyo umekufa?"

"Sijasema umekufa. Nimesema usiukunjue leo."

Aliuweka kwenye kabati lenye ubaridi kuliko yote pale maabara, pamoja na chembechembe za kunyonya unyevu na mvuke wa asidi, akawa anazibadilisha kila baada ya siku mbili. Kila asubuhi kabla ya kipindi alipima kwa karatasi inayobadilika rangi, akaandika kwenye daftari. Hakuna aliyemtuma. Wiki ya sita utepe ulilegea, na shule zilipofungwa Novatus alipanda basi hadi Dar es Salaam, mkebe mapajani, kwa sababu hakutaka kuukabidhi kwa kondakta. Huko utepe ulihamishiwa kwenye kompyuta. Zikapatikana dakika kumi na moja.

Jenifer alizitazama mara tatu. Bwana mmoja wa kaptula alionyesha mashina ya pamba kwa fimbo. Sauti iliyokwaruza ilieleza kwa Kiingereza habari za mbegu na dawa. Dakika ya saba, mwanamke alitokea, akavuta kamba kati ya vijiti viwili, akatazama kamera, akacheka. Sekunde nane. Hakutajwa jina. Hakukuwa na mume wala shamba lililoliwa.

"Hakuna mwingine aliyeiona hii," Jenifer alimwambia Novatus. "Ni mimi na wewe tu."

Novatus alikuwa anafunga mkoba wake. "Mimi kipimo kikinikatalia, naandika kwamba kimenikatalia. Ya kwenu watu wa filamu siyajui."

Jenifer aliona aibu. Alimpigia simu msimamizi wake, Dakta Benedikta, akamweleza kila kitu.

"Zile sura mbili ndiyo basi tena, pole sana," Benedikta alisema. "Lakini watu kumi na saba hawawezi kuota ndoto moja. Rudi ukaulize."

Akarudi Sapiwi, kwa Apolonia, mkulima wa miaka sitini na tano aliyemsimulia habari za Minza kuliko wote. Walisalimiana kwa Kisukuma, "Mwadila, mayu," yaani habari za mchana, mama, kisha Jenifer akafungua kompyuta juu ya gunia la mpunga. Mwanamke wa kamba alipotokea, Apolonia alipiga makofi.

"Huyo! Minza huyo!"

"Lakini hasemi kitu, mayu. Na anayesema anasema Kizungu."

"Sasa picha ingesemaje Kisukuma? Aliyesema ni dereva."

"Dereva gani?"

"Wa gari la sinema. Luhende. Ndiye aliyeshika kipaza sauti. Yuko Mwamapalala, anatengeneza mabomba ya kupulizia dawa."

"Mbona siku ile hukuniambia?"

"Uliniuliza niliona nini, mwanangu. Hukuniuliza nilisikia nini."

Jenifer aliandika maneno hayo kwenye daftari, akayapigia mstari mara mbili.

Luhende alikuwa mzee mwembamba wa miaka sabini na tatu, mikono imejaa grisi. Aliposikia neno sinema aliweka bomba chini.

"Umetumwa na ofisi?"

"Hapana, baba. Ni masomo yangu."

"Maana walinikataza. Bwana mkubwa alisema, tafsiri maneno yaliyomo, usiongeze." Alijifuta mikono taratibu. "Mimi Kiingereza changu kilikuwa cha kusomea vibao vya barabarani. Kijiji cha kwanza nikatafsiri nilichokielewa. Wanawake walikuwa wamekaa nyuma ya wanaume, na yule bwana wa fimbo akisema na wanaume tu. Wakaanza kuondoka. Na kazi ya jembe ni yao! Ndipo nikamwona yule wa kamba. Nikasema, subirini, huyu anaitwa Minza."

"Na mume?"

"Nilimpata kwenye yule wa fimbo. Anazunguka shambani anaonyesha huku na kule, nikasema anahesabu pamba iliyoliwa." Alicheka, kisha akaacha. "Kila kijiji waliuliza ikawaje. Nikaendelea. Miaka mingi nimejiona mwongo wa serikali."

Jenifer alimwambia kwamba Apolonia alianza kupanda kwa mistari msimu uliofuata kwa sababu ya Minza, na kwamba watatu kati ya wale waliohojiwa waliwapa mabinti zao jina hilo. Luhende alilichukua bomba, akaligeuza mkononi, akaliweka tena.

Mwezi uliofuata walionyesha filamu ile kwenye darasa la shule ya msingi Sapiwi, saa tisa mchana, madirisha yamezibwa kwa mablanketi. Novatus alikuja na projekta ya shule yake. Luhende alishika kipaza sauti, akaanza kusimulia kwa Kisukuma. Yule bwana wa fimbo alipotokea, darasa zima lilimzomea. Luhende akasimulia jinsi mume alivyokuja kuomba msaada, akapiga magoti.

"Hapana, baba!" Apolonia alisimama. "Hakupiga magoti. Ulisema alishika ncha moja ya kamba, Minza akashika nyingine."

Luhende alifikiri. "Mayu, yako ndiyo sahihi," akasema, akampelekea kipaza sauti. Apolonia akamalizia.

Tasnifu ya Jenifer ilichukua mwaka mmoja zaidi. Watahini walimhoji saa mbili, na mmoja alitaka kujua kwa nini dereva ametajwa kuwa mtunzi wa filamu ambayo hakuipiga. Jenifer hakubishana. Aliwafungulia dakika kumi na moja bila sauti, kisha akawafungulia tena zikiwa na sauti za Luhende na Apolonia alizorekodi darasani. Yule mtahini aliomba azione mara ya tatu. Jenifer alifaulu. Ukurasa wa shukrani ulianza na Novatus, na daftari lake la vipimo likawekwa zima mwishoni mwa kitabu.

Alimpelekea Luhende nakala Mwamapalala. Mzee alifungua ukurasa wenye picha ya mwanamke wa kamba, akaitazama sana.

"Wabeja," alishukuru. "Na huyu mama, jina lake la kweli?"

"Sijalipata, baba."

"Kilima hiki nyuma yake nakifahamu. Ni cha huko Kimali. Nenda ukawaulize."

Jumatatu asubuhi Jenifer alielekea Kimali, picha ikiwa ndani ya bahasha.