Matofali Elfu Kumi na Moja

Kuna uchovu wa kubeba na kuna uchovu wa kukaa. Fundi aliujua wa kwanza tangu akiwa na miaka kumi na saba. Wa pili aliukuta chuo kikuu, akiwa na arobaini na sita, mbele ya kompyuta, na akakiri kwamba ule wa kwanza ulikuwa na adabu zaidi. Ukibeba zege kutwa nzima, mwili unauma na usingizi unakuja wenyewe. Ukikaa kutwa nzima unasogeza kipanya, macho yanawasha, shingo inakakamaa, na ukirudi nyumbani huna hata jasho la kumwonyesha mkeo.

Hakwenda huko kwa kupenda. Miaka mitatu nyuma, ukuta aliojenga mwenzake ulimwangukia. Mwenzake alikuwa amechimba msingi wa goti badala ya kiuno, akafukia upesi, akasema nani ataona. Fundi alilala hospitali wiki tisa, na daktari akamwambia waziwazi kwamba mgongo ule hautabeba tena hata ndoo ya maji. Mkewe, ambaye ni muuguzi, ndiye aliyesikia habari za masomo ya kuunda majengo kwa kompyuta. Akamjazia fomu, akamwambia mtu aliyejenga nyumba miaka ishirini na tano hawezi kushindwa kuzichora. Maneno matamu hayo, ila aliyeyasema hakuwahi kushika kipanya.

Darasani wenzake walikuwa watoto wa miaka ishirini. Walimwita Fundi, wakamwamkia kwa heshima, wakamwachia kiti cha karibu na dirisha. Mwalimu naye, binti wa miaka thelathini na moja, alimpa shikamoo kila asubuhi, kisha mwisho wa muhula akampa alama thelathini na nane. Ndipo akajikuta kwenye mtihani wa marudio, wenye kazi moja tu: nyumba ndogo ya vyumba viwili, iundwe yote ndani ya kompyuta, izungushwe pande zote mbele ya mtahini kutoka chuo kingine. Akifeli na huo, anafukuzwa chuo. Na nyumbani kulikuwa na mabinti wawili shuleni na mke aliyekwisha kuanza kufanya zamu mbili.

Walipewa wiki sita. Wenzake wa marudio, vijana wanne, walimaliza kwa siku nne. Njia yao ilikuwa fupi: unasimamisha bapa moja jembamba, huo ni ukuta, unabandika juu yake picha ya matofali, unafunika paa, kazi imekwisha, twende tukanywe soda. Fundi aliwatazama akatikisa kichwa. Yeye alianza kwa kuchimba.

Alichimba mtaro ndani ya skrini, kina cha kiuno. Akamwaga zege la chini. Akasuka nondo, akazifunga kwa waya, fundo kwa fundo. Kisha akaanza matofali, moja moja, kozi kwa kozi, mstari juu ya mstari, akiacha kati yake nafasi ya saruji. Kijana wa kiti cha jirani alimwonyesha namna ya kuunda tofali moja na kuiamuru kompyuta ilirudie mara elfu kumi na moja. Fundi alimshukuru, akamwambia hajawahi kuona matofali mawili yanayolingana maishani mwake. Akaendelea na yake: hili limeliwa pembe, lile limepinda kidogo tanuruni, lingine limeachwa na alama ya kidole cha mfyatuaji. Kosa hilo la kuunda kila tofali peke yake, mwanafunzi wa kawaida asingeliweza hata angelitaka. Lilihitaji miaka ishirini na tano ya ujenzi.

Alichoka jamani. Mvumilivu hula mbivu, husema watu, ila hawasemi kama siku hiyo atakuwa bado ana meno. Yeye na mkewe walipishana mlangoni kama wapangaji, mmoja akitoka kazini, mwingine akienda chuoni, wakiulizana tu kama watoto wamekula. Mwalimu alipita mara kwa mara kukagua, lakini Fundi alifanya kazi kama alivyozoea, leo ukuta huu, kesho ule, kila ukuta kwenye faili lake, na ukuta mmoja mmoja ulifunguka bila shida. Siku moja kabla ya mtihani ndipo alipoziunganisha zote. Kompyuta ilichukua saa nzima ya chakula cha mchana kuhifadhi. Hakushtuka. Alidhani nayo imechoka.

Siku yenyewe, saa nne asubuhi, vijana wanne walionyesha nyumba zao na kutoka nje wakicheka. Ikaja zamu ya Fundi. Faili lilifunguka baada ya dakika tisa. Nyumba ikaonekana, nzuri, nzito, ina kivuli katika kila kiungo cha tofali. Mtahini akasema izungushwe. Fundi akaizungusha, na kompyuta ikaganda, imelemewa na vipande vyote vile. Wakaizima, wakaiwasha, ikaganda tena. Mtahini akatazama saa yake, akasema anakwenda kunywa chai na akirudi baada ya nusu saa atataka kuona kitu kinachozunguka.

Mwalimu alivuta kiti akaketi kando ya Fundi. Akashuka na orodha ya vipande vya nyumba iliyokuwa pembeni mwa skrini, akashuka, akashuka, mpaka akasita.

"Fundi, hivi vya chini ni nini?"

"Msingi, mwalimu. Na nondo zake."

"Nani atauona?"

Maneno yaleyale ya mwenzake wa ukuta ule.

"Hakuna atakayeuona," akasema Fundi. "Ndiyo kazi yake."

Mwalimu hakucheka. Alisema kwa upole kwamba anataka afaulu, na kwamba nyumba hii haitamwangukia mtu yeyote, maana humo hakuna uzito. Afute vya chini vyote, kisha kuta zibandikwe picha kama za wenzake. Muda upo, lakini si mwingi.

Kilichomuumiza Fundi ni kwamba mwalimu alisema kweli. Angekuwa mjinga wangebishana. Akafuta nondo. Akafuta zege. Akafuta mtaro wenyewe. Nyumba ikabaki inaelea hewani, na ninaapa aliisubiri ianguke. Haikuanguka, hata ufa haikutoa. Kisha akapiga picha kipande cha ukuta wake, akaufuta ukuta, akaibandika picha kwenye bapa jembamba. Kozi moja kwa kozi moja, wiki sita, zikaondoka kwa kidole.

Mtahini alirudi. Akaizungusha nyumba, ikazunguka kama pia. Akaipindua, akachungulia chini kwenye utupu.

"Safi sana," akasema. "Wengi huacha vitu visivyo na kazi huku chini."

Akampa sitini na nne. Fundi akasema asante, mzee, kisha akatoka nje.

Nyumbani alimkuta mkewe amerudi kutoka zamu, hajavua sare, ameketi kwenye kigoda na miguu ndani ya beseni la maji ya moto. Mkewe akainua uso kumtazama.

"Nimefaulu," akasema Fundi.

Mkewe alifumba macho, akashusha pumzi ndefu kama mtu aliyetuliwa mzigo kichwani. Alipoyafumbua akamwona mumewe bado amesimama pale mlangoni. Akamuuliza amekuwaje tena, aliyefaulu hakai hivyo. Fundi akamweleza yote, faili, mtaro, nondo, kila alichokifuta. Alikuwa na furaha kwa ajili ya mkewe na watoto, na alikuwa na aibu, na hakujua amweleze lipi kwanza.

Mkewe alisikiliza mpaka mwisho.

"Mle ndani kuna mtu?"

"Hamna."

"Sasa msingi wote ule, mume wangu, ulikuwa unamjengea nani?"

Fundi akaingia ndani, akafunga mlango.

"Nilitaka mara hii usianguke."

Mkewe hakuuliza ni ukuta upi. Wiki tisa zile yeye ndiye aliyekuwa akimgeuza kitandani. Akasogeza miguu yake upande mmoja wa beseni, akamwambia avue viatu, maji bado yana moto.