Banda la Wageni na Usubi Wasiokuwepo

Mkuu wa hifadhi yetu ya pwani ni mtu wa heshima zake, na siku zile nilikuwa namposa binti yake, kwa hiyo nilimheshimu mara mbili. Yeye ndiye aliyejenga banda la wageni ukingoni mwa matope ya mikoko, akalipaka rangi kwa mkono wake. Mimi ndiye niliyetumwa kuchunguza usubi, wale vidudu wadogo kuliko mbu, ambao hupenya chandarua kama wanaingia kwao. Nilitega mitego ya taa, nikachota matope na kuyachuja. Mabuu ya usubi yalikuwa yamejazana chini ya banda hilo hilo. Ningefanya nini? Nikaandika.

Mkuu alisoma ripoti akacheka. Akasema katika hifadhi yake hakuna usubi, na ili nielewe vizuri, posa ingepokelewa humo bandani, jioni, upepo ukishatulia. Yaani saa ile ile usubi wanapoamka na njaa. Hongera zake.

Jioni ilipofika tulikaa kwa adabu. Wazee wa pande zote mbili walisifu mandhari huku wakisugua mguu kwa mguu chini ya meza. Shangazi yangu, msemaji wetu, jicho lake moja lilikuwa limeshavimba, akatabasamu kwa lile lililobaki. Hakuna aliyejikuna, nani avunje posa kwa kucha zake? Nami nilimtaka yule binti kweli, na roho ilikuwa mkononi.

"Haya, bwana mtafiti," Mkuu akasema, sikio limemvimba. "Wako wapi hao usubi wako?"

Mchumba wangu, aliyekaa kando ya baba yake, alinikazia macho. Nilijua anachotaka: niyameze maneno yangu. Nikajaribu kuyameza, yakakwama.

"Watatu wako kwenye sikio lako, baba."

Mkuu alijikaza, akajikaza, kisha akajizaba kofi ambalo hata adui yake asingethubutu kumpiga. Hapo banda zima likaanza kujikuna, wazee wakiguna kwa raha.

"Maneno ya ndoa tukayamalizie ofisini," akasema akiinuka. "Kule kuna feni."

Tumeoana. Ripoti yangu aliipitisha bila kugusa neno, na banda hakulibomoa. Alibadilisha kibao tu: sasa ni Kituo cha Utafiti wa Usubi. Mtafiti mkazi ni mkwe wake, na feni bado iko ofisini kwa Mkuu.