Paka Wanne, Chumba Kimoja

Sipendi paka. Nilimwambia hivyo Bwana Nyamai, meneja wa ghala letu la nafaka kule Industrial Area, siku aliponiita ofisini mwaka wa tisini na tano na kusema paka wa ghala ni mgonjwa, atiwe guniani akatupwe mbali pamoja na watoto wake. Nikamjibu, "Mimi sipendi paka, lakini huyu ametukamatia panya miaka sita bila likizo. Hatupwi." Akaniuliza kama nina pa kumpeleka. Mdomo wangu huu, laiti ningeufunga hapo. Jioni hiyo niliingia mtaani kwetu Maringo na katoni kichwani, ndani yake paka aliyekonda hadi mifupa ya mgongo ikahesabika, na watoto watatu wa wiki saba wakilia kama wameonewa.

Paka huyo tulimwita Madam kwa sababu alizoea kulala juu ya meza ya karani, na karani wa ghala ni mimi. Nilikuwa nikimsukuma kwa rula ili nipate pa kuandikia. Hayo ndiyo yaliyokuwa mapenzi yetu.

Kesho yake niliomba ruhusa ya nusu siku nikawapeleka kwa Daktari Obura, daktari wa wanyama mwenye chumba nyuma ya duka la dawa za mifugo. Aliwatoa damu mmoja mmoja, akatuweka tusubiri, kisha akaniita kwa ile sauti ya upole ambayo madaktari huitumia wakitaka kukuharibia siku.

"Ni virusi," alisema. "Vinaleta saratani ya damu ya paka. Mama anavyo. Huyu mweusi na huyu wa madoa pia wanavyo. Huyu wa kijivu ni safi."

"Dawa yake?"

"Ya kuponya hakuna. Wape chakula kizuri, walale penye joto, wasitoke nje, na ukiona homa au kidonda mdomoni uniletee. Mama anaweza kwenda mwaka au zaidi. Hao wawili wadogo kwa kawaida hawadumu."

Nikamuuliza kuhusu huyo wa kijivu. Akasema ugonjwa huenezwa na mate, kwa kulambana, kunyonya, kula sahani moja. "Huyu umtenge kabisa na wenzake. Baada ya miezi mitatu nitampima tena. Akiwa bado safi nitamchanja, naye ataishi maisha yake." Kwenye kadi yake aliandika "safi" kwa herufi kubwa, na tangu siku hiyo jina likawa Msafi.

Umtenge kabisa! Nina chumba kimoja na kajiko ambako nikigeuka vibaya naangusha sufuria. Nimtenge wapi, juu ya paa? Lakini nilikubali, maana nilishachoka kubishana na watu wenye haki.

Kosa langu la pili nililifanya bombani. Jirani yangu Mama Nabalayo aliniuliza daktari amesema nini, nami kwa uchovu nikasema, "Virusi vya damu." Kufikia saa moja jioni laini yetu yote ya nyumba ilijua kwamba paka wa Mama Javan, yaani mimi, ana UKIMWI. Watoto walikatazwa kupita karibu na mlango wangu. Ikabidi nizunguke nyumba hadi nyumba kama mtu wa sensa.

"Haushiki watu," nilimwambia Mama Nabalayo.

"Na wewe umejuaje?"

"Daktari amesema."

"Daktari wa nini?"

"Wa wanyama."

"Aa," akasema, akaendelea kusuuza nguo zake. Hiyo "aa" ilinikera wiki nzima.

Hofu ilipokwisha ikaja huruma, na huruma ya Maringo ni kazi kuliko hofu yake. Kwetu mgonjwa haachwi peke yake. Jumapili walikuja akina mama watatu wa kanisani na mkate na pakiti ya maziwa, wakakaa kitandani pangu wakasema wamesikia nina mgonjwa nyumbani. Nilidhani wananitania. Hawakunitania. Mmoja aliomba, na akaomba kirefu, huku jicho moja likimwangalia Madam asije akamrukia. Nikapika chai. Mgonjwa mwenyewe alikuwa amewapa mgongo akijilamba.

Lakini nilikuwa bado sijampatia Msafi mahali. Nikavuka ujia kwenda kwa Kavutha. Milango yetu inatazamana. Mume wake, Wathome, anachonga twiga wa mbao Pumwani na huondoka alfajiri. Kavutha mwenyewe hushinda mlangoni akisuka vyondo, vile vikapu vya katani, na ni mtu wa maneno machache, jambo ambalo katika laini yetu ni neema. Ufunguo wangu alikuwa nao tangu zamani, kwa sababu maji ya Maringo huja yanapotaka yenyewe, na aliye nyumbani ndiye anayewajazia wengine mitungi.

Alimpokea Msafi kwa mikono miwili. Nikamsomea masharti kama hakimu: sahani yake mwenyewe, sanduku lake mwenyewe, asivuke ujia huu kwa hali yoyote, asile na wenzake hata tonge moja.

"Nimeskia, Mama Javan," alisema.

Basi ikaanza miezi mitatu ambayo siwezi kumwombea adui yangu. Naamka saa kumi na moja. Nachemsha omena, dagaa wa ziwani, nawapoza, nawaponda kwa ugali laini kwa sababu Madam ufizi unamuuma. Nachukua dawa kwa kibomba cha plastiki. Mweusi anatema. Nampa tena, anatema kwenye blauzi ya kazini. Wa madoa anameza vizuri, kisha anakwenda kutapika ndani ya kiatu, na siku zote cha kushoto. Nikifika ghalani mikono imechanika, Bwana Nyamai ananiuliza kama nimeolewa tena. Mimi ni mjane wa miaka kumi na moja, sina haja ya maswali kama hayo saa mbili asubuhi.

Mwanangu Javan alipiga simu ghalani kutoka Mombasa. Alisema, "Mathe, si uwaachilie tu waende?" Nikamwambia nilipata hamu ya kumwachilia yeye pia alipokuwa na surua, na hata hivyo sikufanya. Akacheka. Mimi sikucheka.

Mweusi alikufa tukiwa katika mwezi wa pili wa kazi hiyo, Jumanne asubuhi, juu ya aproni yangu. Nilimkasirikia. Nilimwambia, nimeamka gizani kwa ajili yako siku hamsini, na wewe umechagua kufa nikiwa nimevaa viatu tayari. Nikalia, kisha nikachelewa kazini. Wa madoa alimfuata baada ya siku kumi na mbili, bila kusumbua mtu.

Tangu hapo nilikuwa na jambo moja tu moyoni, na nalisema wazi: nilitaka mmoja apone. Sikuomba wanne. Nilitaka ile kazi yote, yale mate, ile harufu ya omena iliyoingia hadi kwenye Biblia yangu, iwe imefaa kitu. Kila jioni nikirudi nilisimama kwanza kwa Kavutha kumtazama Msafi, nikiwa nimenawa mikono bombani kwa sabuni. Alikuwa amenenepa. Manyoya yanang'aa, macho maangavu, na alikuwa na mchezo wa kuzivuta katani za vyondo hadi Kavutha akamtengenezea kakamba kake mwenyewe. Nilianza hata kumtangaza. Nilimwambia Bwana Nyamai ghala litapata paka mpya mwezi wa nane, mwenye chanjo na kadi.

Siku ya kupima ilipofika nilimbeba ndani ya kiondo, kichwa nje, akiangalia mji. Daktari Obura alitoa damu. Alitazama majibu, akapima mara ya pili. Nilijua kabla hajafungua mdomo.

"Anavyo," alisema.

"Haiwezekani."

"Amekutana na wenzake?"

"Hata siku moja. Naapa."

"Basi huenda alizaliwa navyo vikajificha, hutokea. Au alikutana nao bila wewe kujua. Mimi siwezi kukuambia ni kipi."

Nilimwomba arudie. Alirudia, bila kununa, na jibu halikubadilika. Njiani kurudi sikutaka kuamini alizaliwa navyo. Ikiwa alizaliwa navyo, basi miezi mitatu nilikuwa natwanga maji kinuni. Nilitafuta wa kumlaumu, na sikumpata, na hilo lilinikasirisha zaidi.

Ilikuwa saa nane mchana nilipoingia kwenye laini yetu. Kavutha alikuwa mlangoni, kiondo kisichokwisha magotini. Aliinua uso, akafurahi kutuona.

"Mmerudi? Mlete basi haraka," alisema. "Leo hajamsalimia mamake."

Nilisimama. "Unasema nini?"

"Saa kama hii ndio huwa nampeleka. Nikimaliza kujaza maji yako. Anakaa huko kidogo tu, mamake anamlamba, halafu namrudisha. Si mgonjwa huwa anaonwa?"

"Kila siku?"

"Kila siku. Hata kama nina kazi."

"Kavutha, nilikuambia asivuke ujia huu."

"Ulisema asile na wao. Huko hajawahi kula. Nilikuwa nampeleka kama ameshiba, ndio asiguse sahani yao."

Jamani. Alikuwa ameshika sheria ya sahani kwa uaminifu kuliko mimi mwenyewe, halafu akampeleka mtoto alambwe kichwa hadi mkia na ulimi ule ule. Maneno niliyokuwa nimeyakosa njia nzima yalikuja yote kwa pamoja. Nilimwambia hana masikio. Nilimwambia nimepoteza usingizi miezi mitatu ili yeye afanye alivyofanya. Milango ilianza kufunguka. Mama Nabalayo alitoka na beseni lisilokuwa na nguo. Nami nikasema neno ambalo sijivunii: "Umemuua. Amepimwa leo, anavyo, na ni wewe umemuua."

Kavutha hakulia wala hakujitetea. Aliweka kiondo chini, akaangalia majirani mpaka wakarudi ndani, hata Mama Nabalayo, jambo ambalo sijawahi kuliona tena. Kisha akasema polepole, kana kwamba anajibu swali la kawaida.

"Mwaka wa eighty-six nilikuwa na TB. Nilikuwa na mtoto wa miezi tano, msichana. Daktari akasema mtoto atengwe na mimi, dada yangu akamchukua akampeleka nyumbani Mwingi. Nilikaa wodi miezi nane. Nikatoka nimepona, nikaenda kumchukua. Akaniona akapiga nduru, akamkimbilia dada yangu, akajificha kwa leso yake. Wakaniambia, ngoja azoee."

"Akazoea?"

"Sasa ako class three. Ananiita Anti."

Msafi alikuwa ametoka kwenye kiondo na kuanza kuvuta katani sakafuni. Miaka sita tumetazamana mlango kwa mlango. Laini nzima kila mwanamke ni Mama fulani, yeye tu ndiye tuliyemwita Kavutha, tukidhani hajajaliwa mtoto, na tukidhani tunamstahi kwa kutomuuliza.

"Ugonjwa haukumshika?" nikauliza.

"Haukumshika. Ni mzima kabisa, hata kukohoa hakohoi. Daktari alikuwa na haki." Aliokota uzi mmoja akauzungusha kidoleni. "Ndio maana sijawahi kulaumu mtu. Lakini huyu kapaka kalikuwa kanakaa hapa kwa mlango kanaangalia kwako, kanalia. Siku ya kwanza nilikanyamazia. Siku ya pili nikashindwa."

Nilikuwa na haki yote upande wangu, na daktari, na kadi, na haikunisaidia kitu. Hasira ilikuwapo bado, ila sikupata pa kuiweka. Nilimbeba Msafi nikafungua mlango wangu. Madam alikuwa kwenye gunia lake karibu na jiko. Alinusa, akanyoosha shingo, akaanza kumlamba sikio bila haraka, na yule mtoto mnene akajilaza chini ya kidevu chake kama mtu aliyefika mahali pake pa kila siku.

Kavutha alibaki kizingitini, hakuvuka.

"Ingia," nilimwambia. "Sasa haina neno tena."

Aliingia akakaa kwenye kigoda. Nikaweka maji ya chai. Nilitaka kusema pole, lakini mimi neno hilo hunitoka kwa shida, kwa hiyo nikatafuta njia nyingine.

"Huyo msichana anaitwaje?"

"Wavinya."

"Basi karibu chai, Mama Wavinya."

Alipokea kikombe kwa mikono miwili, akakishika bila kunywa.

"Usiniite hivyo, Mama Javan," alisema. "Hilo ni jina la dada yangu."