Maji ya Kusuuzia Bakuli

Choo cha wakwe zangu kilikuwa nje, nyuma ya banda la nguruwe: mbao mbili juu ya shimo. Kwa baridi ile ya kaskazini mwa China, kinyesi cha familia nzima kilikuwa kimeganda na kupanda juu kama kichuguu. Asubuhi ile baba yake Baoshan, kijana aliyemchumbia binti yangu, alikwenda kukivunja kwa mtaimbo, akarudi ndani, akanimenyea punje ya kitunguu saumu kwa vidole vilevile.

"Karibu, mkwe. Inatia joto."

Niliipokea kwa mikono miwili, nikaitia mfukoni.

Ilikuwa siku yangu ya pili pale na sikuwa nimeoga. Kwetu Guangzhou mtu haingii kitandani bila kuoga, hata awe na homa. Hapa tulilala kwa safu, wenyeji na wageni, juu ya kitanda kimoja cha matofali kinachowashwa moto chini, na mwenye nyumba akikoroma. Pembeni palikuwa na pipa la kabichi iliyochachuka, na juu ya maji yake umetanda ukungu mweupe. Harufu yake ilikuwa imeingia mpaka kwenye nywele zangu. Nililikumbuka bafu langu, nikaikumbuka supu yangu ya mbavu, nikajionea huruma kwelikweli.

Kitu cha nyumbani nilichobaki nacho ni vijiti vyangu vya kulia, ndani ya kibweta chake. Kwenye treni nilikula navyo bata niliyempika mwenyewe kwa ganda la chungwa lililokaushwa, nikavifuta kwa karatasi, nikavirudisha. Vijiti vya watu sivitii mdomoni.

Binti yangu Peiyu alikuwa anaolewa na Baoshan mwezi uliofuata. Alinivuta mlangoni.

"Mama, mimi ndiye nitakayebaki hapa. Ukiwadharau, watanikumbusha mimi mpaka nizeeke. Zimebaki siku mbili tu, funga mdomo."

"Nimeufunga. Pua ndiyo inanishinda."

Mchana mama yake Baoshan aliandaa meza, akaweka bakuli na birika la chai. Mikono yangu ikafanya inachofanya kwenye mkahawa wowote wa kwetu. Nikamimina chai ya moto kwenye bakuli langu, nikachovya vijiti vyangu, nikazungusha, nikatafuta pa kumwaga.

Mkahawani ni kawaida. Nyumbani kwa mtu ni kumwambia kwamba vyombo vyake vichafu. Baba yake Baoshan aliweka chini glasi ya pombe na hakuigusa tena.

"Ni heshima ya kwetu," Peiyu alisema haraka, uso umemwiva. "Mgeni akisuuza bakuli kwa chai, anaitakia nyumba baraka."

Mama yake Baoshan alinitazama. Akavuta birika, akasuuza bakuli lake taratibu.

"Kama ni baraka, tusiimwage," alisema, akanywa maji yote ya kusuuzia. "Haya, mkwe. Zamu yako."

Nilichungulia. Mafuta yalikuwa yanaelea, na katikati kipande cheusi, uchafu wa nyumba ile. Peiyu alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono yote miwili. Nikafumba macho, nikanywa.

Kile kipande kilinasa kwenye ulimi. Kilikuwa na ladha ya chungwa.

Baada ya chakula nilimfuata mama yake Baoshan jikoni. Hakugeuka.

"Nilifanya kazi kwenye mkahawa kule Foshan, jirani na kwenu, miaka mitano," alisema. "Hayo maji yenu nimeyamwaga ndoo kwa ndoo."

Sikujua nitaficha wapi uso.

"Sasa uliyanywa kwa nini?"

"Mtoto alikuwa anatetemeka. Na huyo sasa ni mwanangu." Akatumbukiza bakuli zote kwenye karai. "Tena bakuli lako nililichemsha asubuhi, maana nawajua. Yale mafuta hayakuwa ya kwangu."

Akanyoosha mkono, bado hanitazami.

"Vilete hivyo vijiti."

Nikampa, pamoja na kibweta chake. Kisha nikaitoa ile punje ya kitunguu saumu mfukoni, nikaitafuna pale pale, yote, mpaka machozi yakanitoka.