Kikapu cha Mahindi Darasani

Mtu akikuambia kwamba mimi Nelima nilikuwa mkaidi darasani, hajakudanganya. Nilikuwa mkaidi, tena sana. Lakini aseme na sababu yake, asiishie hapo tu kama anayesema mambo ya mwizi.

Tulikuwa tunaishi kwenye laini za wafanyakazi, katika shamba la Kaburu mmoja upande wa Yamumbi, miaka ile ya baada ya vita vya Hitler. Mji wa Eldoret tuliuita Sisibo, na kwa gari la ng'ombe ulikuwa mbali, hasa mvua ikinyesha. Mvua ilikuwa inanyesha siku jirani yangu Tryphosa aliposhikwa na uchungu wa kuzaa. Mtoto alitanguliza miguu. Wanawake tulijaa mle ndani, kila mmoja anatoa amri yake, na hakuna aliyejua la kufanya. Mtoto hakupona. Niliumia, na nikajionea aibu, mtu mzima mwenye nguvu zake anasimama tu akiangalia.

Kwa hiyo kanisani walipotangaza kwamba hospitali ya misheni itachukua mwanamke mmoja kutoka shamba letu akafundishwe ukunga, nilisimama kabla mtangazaji hajamaliza. Sharti lilikuwa kusoma. Sista wa hospitali angekuja mwenyewe kabla ya Krismasi, akupe ukurasa ambao hujawahi kuuona, usome, halafu akuulize maswali. Ukishindwa, nafasi inakwenda shamba lingine.

Nikaingia darasa la Mwalimu Murunga, alasiri baada ya kibarua. Sitamsingizia, herufi alijua kuzifundisha. Shida yake ilikuwa kelele za "Kaa wima! Kunja mikono! Macho ubaoni!" Ndivyo alivyofundishwa na wazungu wa misheni, akaamini kwamba mwili ukitulia kama gogo, akili nayo imetulia.

Yangu wapi! Nikikunja mikono tu, akili imeshatoka mlangoni. Mbuzi nilimfunga? Maharagwe yameungua? Wepukhulu mume wangu amekumbuka kuanua nguo? Nafika mwisho wa mstari sijui mwanzo ulisema nini. Nilijaribu kunawa uso kwa maji baridi. Nikahamia benchi la mbele. Nikajifinya paja mpaka likavimba. Hakuna kitu.

"Nelima, kichwa chako kina matundu," Murunga akaniambia mbele ya watu. Darasa zima likaangua kicheko. Nilirudi nyumbani nimefura kwa hasira, hata chakula sikula.

Jumamosi Tryphosa akaja kunisalimia. Sisi Wabukusu, msimu wa mahindi mwanamke hakai bure kwa mwenzake. Anasogezewa kikapu apukuchue huku mkipiga domo. Tukaketi uani. Mimi nikaegemeza kitabu kwenye debe, nikawa namsomea kwa sauti huku vidole vinapukuchua. Nikamaliza ukurasa, nikafunua mwingine. Mbuzi akalia, nikamsikia, nikaendelea kusoma.

Tryphosa hakujua kusoma, lakini masikio alikuwa nayo. "Haya niambie," akasema, "yule mkulima wa kwenye kitabu alipanda nini kwanza?"

"Mtama."

"Na mbwa wa jirani alimfukuza kwa nini?"

Nikamjibu. Akauliza mpaka maswali yakamwishia, na mimi sikukosa hata moja.

"Ala! Kumbe kichwa hakina matundu," akasema. "Kilikuwa kinangoja mikono ipewe kazi."

Jumatatu nikaingia darasani na kikapu changu cha mahindi.

"Hii ni nini?" Murunga akauliza.

"Mahindi, Mwalimu. Mikono yangu ikiwa na kazi, akili inakaa."

"Ati? Hapa ni shule, si jikoni! Toa nje!"

"Basi natoka nayo."

Nikaketi nje chini ya dirisha, jua linanichoma, nikasikiliza somo lote nikipukuchua. Alipouliza swali na darasa likanyamaza kimya, nikajibu kutoka nje. Akafunga dirisha. Nikahamia mlangoni, maana mlango angeufunga wangekosa hewa. Hivyo ndivyo nilivyosoma msimu mzima, na Murunga hakuniangalia usoni.

Hata Wepukhulu alianza kuogopa. "Mama, siku ya mtihani kunja tu mikono. Siku moja haiui."

"Nikikunja nitashindwa," nikamwambia. "Na nikishindwa, mtoto wa mwanamke mwingine kwenye laini hizi atatanguliza miguu, na sisi tutapiga kelele tena. Unataka hivyo?"

Siku ilipofika, Murunga alinisimamisha mlangoni pa kanisa, nimebeba kikapu changu. Sauti ilikuwa ya chini, sijawahi kumsikia hivyo.

"Nakuomba, Nelima. Leo tu. Mgeni ni mzungu, atasema sisi ni washenzi."

Nilimhurumia, kusema kweli. Lakini nilikuwa na hasira kuliko huruma. "Mwalimu, siku zote ulinikataza, na leo ndiyo nakihitaji zaidi," nikasema, nikapita.

Sista alikuwa mezani, miwani puani. Akatazama kikapu, akanitazama mimi. "Hicho cha nini?"

"Nasoma nikipukuchua, Sista."

"Nilimkataza," Murunga akadakia. "Ni mkaidi huyu."

"Weka chini," Sista akasema. "Kunja mikono, usome."

Nilijua nafasi yote iko pale mezani, na neno moja linaweza kuipoteza. Bado nikasema, "Sista, umekuja kupima kusoma au umekuja kupima kukaa?"

Wepukhulu akainamisha kichwa. Sista alinikazia macho, halafu akasukuma ukurasa mbele yangu. "Soma."

Nikashika hindi, nikasoma. Ulikuwa ukurasa wa kuchemsha maji na kufua vitambaa vya mtoto mchanga, wenye maneno marefu ambayo sijawahi kukutana nayo. Punje zinaanguka kikapuni, mimi nasonga na mstari wangu. Akaniuliza maji yachemke kwa muda gani, nikamwambia. Akauliza kitambaa kikianguka chini kifanywe nini, nikamwambia. Akarudi nyuma kuuliza la mwanzo kabisa, akidhani nimelisahau. Nikamwambia.

Sista akavua miwani. "Umesoma vizuri. Nafasi nakupa. Lakini wodini huingii na kikapu, unasikia?" Pembeni nikamsikia Murunga akicheka.

"Wodini sikihitaji, Sista," nikasema. "Huko mikono itakuwa imemshika mtoto. Wewe nifundishe tu asinifie."