Mkopo kwa Sauti ya Dada

Naweza kuiga sauti ya mtu yeyote, na sijawahi kumtoa mtu machozi ila ya kicheko. Shuleni nilimwiga mwalimu wa zamu mpaka bweni zima likazima taa. Kwa sauti ya dada yangu, fundi cherehani, ndiyo usiseme: wateja hunitajia kwenye simu vipimo vya viuno vyao.

Shemeji alilijua hilo. Siku moja akaniomba nipokee simu ya benki kwa sauti ya dada, niseme amekubali mkopo. Eti dada anajua kila kitu, ila amebanwa na sare za wanafunzi. Nikaitikia ndiyo mara tatu, nikamtania na karani wa benki, nikacheka. Shemeji akanizawadia viatu vipya.

Kumbe hela aliondoka nazo yeye, na dhamana ilikuwa cherehani nne za dada. Dada alijua siku barua ya kukamata mali ilipobandikwa mlangoni.

Ofisi ya ustawi wa jamii ikamwandikia dada barua ya kupeleka benki, kwamba isiguse kitu mpaka ichunguze. Benki nayo ilikuwa na chumba cha kuwasikiliza watu kama yeye, walionyang'anywa mali na watu wa nyumbani kwao. Mume haruhusiwi humo. Ofisa wa benki, mama wa makamo, akamwuliza kama ana mtu anayemwamini wa kukaa naye.

Dada akanishika mkono. "Huyu mdogo wangu. Ndiye pekee aliyebaki."

Nikaketi, miguu na vile viatu nimeificha chini ya kiti.

Ofisa akaeleza bila kuzunguka: ikithibitika dada hakukubali, deni linafutwa na cherehani zinabaki. Tatizo, kuna mtu alikubali kwenye simu. Dada akasema lazima shemeji alimlipa mwanamke fulani, asiye na haya, anayemjua yeye hadi anavyovuta maneno. Akamlaani. Nami nikamsaidia kulaani.

Karani aliyepiga ile simu akaitwa. Akamsikiliza dada akijieleza, akasikitika: sauti ni hii hii. Dada akanywea kama nguo iliyoloa. Nikaona nimchangamshe, nikamwambia karani masikio yake yanadai likizo, nikacheka.

Karani akageuka taratibu, akaniangalia mimi.

"Sauti ilikuwa ya huyu dada," alisema. "Kicheko ndicho hiki."

Ofisa akashika kalamu. Dada akauchomoa mkono wake kutoka kwangu.

"Mjibu," akasema. "Kwa sauti yako."