Nondo Bustanini kwa Diwani

Roseline ndiye aliyewagundua nondo, wale wadudu wanaofanana na vipepeo ila huruka giza likiingia. Siku moja mwaka 1996, akichuma matunda ya pasheni, alishika jani kavu, jani likaruka. Tangu hapo akawatafuta kila asubuhi walipolala: mmoja wa kijani kama mchicha mchanga, mwingine mweupe mwenye manyoya shingoni kama askofu, mwingine wa kahawia tu, mpaka afungue mabawa ndipo macho mawili mekundu yakukodolee. Na miaka yote alidhani bustani yake ina viwavi tu.

Mumewe, Diwani Monari, alimcheka, hadi mgeni wa kutoka Nairobi alipowasifu. Jumapili iliyofuata, alipopewa nafasi ya kusalimia waumini kanisani Ogwedhi, akajigamba: "Kwangu bustanini kuna nondo ya kila aina. Hakuna mtu Migori ako na nondo kama mimi."

Waumini wakatazamana. Nondo walizozijua wao ni vyuma vya kujengea, na vile vya zahanati yao vilikuwa vimepotea, diwani akisema lori lilipinduka njiani.

Baada ya ibada wakamfuata nyumbani, Mzee Mirumbe, mwenyekiti wa zahanati, akiwa mbele. Monari alifurahi kuona umati. Akamwita mkewe awaonyeshe. Roseline, ambaye hakuna aliyewahi kumuuliza lolote kuhusu bustani ile, akawapitisha polepole akiinua jani baada ya jani. Watu wakasahau kilichowaleta. Hata Mirumbe alivua kofia ainame vizuri, akakiri kwamba yule wa kijani ni mrembo.

"Na huyu amelalia nini, mama?" akauliza.

Roseline akasogeza majani. Mipasheni yote ilikuwa imetambaa juu ya vyuma virefu, vipya, vilivyofungwa kwa waya.

Monari akakohoa. "Nilikuwa nawawekea wananchi nondo zao," akasema, "zisiibwe."

Kesho yake waling'oa vyuma. Mipasheni ikalala chini, nondo wakatawanyika. Mwaka uliofuata Monari aligombea tena, akijiita mlinzi wa mali ya umma, na wale wale waliobeba vyuma mabegani wakamchagua.

Siku ya kuapishwa alimtaka Roseline avae gauni jipya waandamane. Roseline alisema ana kazi. Jirani yake, Awino, alikuwa amemwita aje kutazama mdudu mwenye mistari ya waridi aliyelala kwenye viazi vitamu vyake.